Tunawafundisha madereva kujiongoza, mbona kazi inazidi kudorora?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Ninasimamia upangaji wa magari katika kampuni ya uchukuzi iliyoko Namanve, kando ya barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Tuna malori yapatayo 40. Mengi hubeba makontena kutoka bandari ya Mombasa kupitia mpaka wa Malaba, mengine hupeleka saruji, sukari na bidhaa za dukani hadi Elegu na kuvuka kuelekea Juba, na machache huhudumia Mbarara, Kabale na mpaka wa Katuna. Madereva wetu wametoka Buganda, Busoga, Teso, Acholi na hata ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha yadini, na hata mimi niliyezaliwa Arua ndicho ninachofanyia kazi tangu asubuhi hadi jioni.

Mwaka jana mkurugenzi wetu alimleta mkufunzi atufundishe jinsi mfanyakazi anavyoweza kujiongoza mwenyewe: kujiwekea malengo, kujipima, kuyarekebisha mawazo yanayomvunja moyo na kutafuta katika kazi yake yale yanayompa raha. Niliyapenda mafunzo hayo, na madereva nao waliyasikiliza kwa makini. Tukachapisha malengo na kuyabandika ukutani. Tangu hapo, hata hivyo, mambo yamezidi kuharibika. Safari za Mombasa zinachukua muda mrefu kuliko zamani, hesabu ya mafuta haitoshelezi, makontena matupu yanachelewa kurudishwa na kampuni za meli zinatutoza kwa ucheleweshaji huo, na madereva wawili tuliowategemea sana wamehamia kwa washindani wetu. Mkurugenzi anasema watu hawa ni wavivu wasiofundishika, na sasa anataka kufunga kamera ndani ya malori na kuongeza faini.

Nilipokaa na madereva nikasikia mengine. Wanasema safari nzuri, hasa zile za Mombasa zenye posho kubwa, hugawiwa kwa simu ya usiku na msimamizi wa yadi kwa watu wake wachache, na wengine hubaki kupelekwa Juba au kungoja yadini bila posho yoyote. Mafuta yakipungua, mishahara inakatwa bila mtu kuulizwa neno, hata kama lori lilikesha katika foleni ya Malaba. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na malori ya kaskazini yakalazimika kuzunguka mbali, kipimo chetu cha mafuta kilibaki kilekile na madereva ndio walioilipa tofauti. Tena wapo waliofanya kazi kwetu zaidi ya mwaka mmoja wakilipwa kwa safari, bila mkataba wala michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilhali wanaendesha malori sawa na wenzao walioajiriwa. Mzee mmoja kati yao aliniuliza, "Mama, nikijiwekea lengo la kufika mapema, nitapata nini zaidi ya kukaa yadini siku nyingi nikingoja zamu ambayo haiji?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nimeombwa nipeleke mapendekezo kwa wakurugenzi. Je, ni kweli kwamba haki kazini inagusa matokeo ya kampuni, au ni suala la wema tu? Na kwa kuwa sina mamlaka ya kuongeza mshahara wa mtu yeyote, nianzie wapi?

Msimamizi wa magari,
Namanve

*

Dada yangu,

Mzee yule amekuuliza swali ambalo mkufunzi wenu alipaswa kulijibu kabla ya kufungua mafunzo yake. Maoni yangu ni kwamba madereva wenu waliyaelewa vizuri mafunzo yale, kisha wakayalinganisha na namna kampuni inavyowatendea, na wakaona kwamba hayana mahali pa kushika. Hao si wavivu. Ni watu wanaofikiri sawasawa juu ya kazi yao, na kampuni yenye watu wa namna hiyo bado ina mtaji mkubwa.

Tuanze na kujiongoza kwenyewe, kwa sababu sitaki ulitupe wazo hili kwa kuwa limetumiwa vibaya. Msomi wa Marekani Charles Manz, aliyeliandikia kwa kina mwaka 1986, alitaka kueleza jinsi mtu anavyojisukuma kufanya kazi bila kusimamiwa, na waliomfuata wakazipanga mbinu hizo katika mafungu matatu. La kwanza ni mwenendo, yaani kujiwekea malengo, kujikumbusha na kujichunguza. La pili ni kuipata raha ndani ya kazi yenyewe, na la tatu ni kuyatawala mawazo. Katika uchukuzi mbinu hizi zina thamani kuliko katika kazi nyingi za ofisini. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na katika umbali wote huo hakuna msimamizi anayekaa pembeni mwa dereva. Ni yeye anayeamua alale wapi, asimame lini kukagua matairi, ampigie wakala wa forodha mapema au angoje mpaka tatizo la hati limkute getini, na azungumze vipi na watu wa mizani ili lori lisikae nusu siku kwa jambo dogo. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze kutumika mwaka 2014, mizigo ya Uganda hushughulikiwa kiforodha ingali Mombasa, kwa hiyo saa nyingi huokolewa au hupotezwa na mtu anayefuatilia karatasi kabla gari halijaondoka bandarini. Kufuli ya elektroniki ya Mamlaka ya Mapato itakuonyesha lori liko wapi, na kamera anazozitaka mkurugenzi zitakuonyesha dereva amefumba macho au amefumbua. Hakuna kifaa kati ya hivyo kitakachomfanya apige ile simu ya mapema.

Lakini tazama namna kujiongoza kunavyofanya kazi. Mtu hujiwekea lengo, hujitahidi, huona matokeo, kisha hujipongeza au hujirekebisha. Mnyororo huo unadai kwamba juhudi na matokeo viwe vimefungamana. Kwenu, dereva anayefika mapema hurudi kwenye yadi ambako zamu hugawiwa kwa simu, na dereva anayetunza mafuta hukatwa mshahara kwa foleni asiyoisababisha. Ukimwambia mtu huyo ayarekebishe mawazo yake, unamwomba ajidanganye, na ni vigumu sana kwa mtu mzima kujidanganya siku baada ya siku ilhali anazo stakabadhi za makato mfukoni.

Sasa nije kwenye swali lako kama haki inagusa matokeo au ni wema tu. Wachunguzi wa jambo hili wameligawa katika sehemu zinazokufaa kabisa. J. Stacy Adams, katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mfanyakazi hutazama anachotoa na anachopata kisha hujilinganisha na mwenzake, na akiona hakuna uwiano huutafuta mwenyewe, mara nyingi kwa kupunguza juhudi. Hiyo ni haki ya mgao. Mwaka 1975 John Thibaut na Laurens Walker walionyesha kwamba watu hujali vilevile jinsi uamuzi ulivyofikiwa, hasa kama walipewa nafasi ya kusema. Gerald Leventhal, mwaka 1980, akataja masharti ya utaratibu wa haki: uwe uleule kwa wote, usiwe na upendeleo, utegemee taarifa sahihi, uweze kurekebishwa ukikosewa, usikilize pande zinazohusika na usikiuke maadili. Chukua ugawaji wenu wa safari uupime kwa masharti hayo; sioni hata moja unalolitimiza. Mwaka 1986 Robert Bies na Joseph Moag wakaongeza jambo la tatu, nalo ni namna mtu anavyoongeleshwa na kuelezwa pale uamuzi unapomfikia.

Uchunguzi ambao ningependa mkurugenzi wenu ausikie kwa utulivu ni wa Jerald Greenberg, uliochapishwa mwaka 1990. Kampuni moja ya viwanda nchini Marekani ilipoteza mikataba ikalazimika kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda vyake viwili, huku kiwanda cha tatu kikiachwa bila kuguswa. Katika kimoja, mkuu wa kampuni alisimama mbele ya wafanyakazi, akawaeleza kwa kirefu sababu za uamuzi, akawaonyesha hesabu, akasikitika waziwazi na kujibu maswali yao. Katika kingine walitangaziwa kwa ufupi na mkutano ukafungwa. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kote kuwili, lakini katika kile ambacho watu hawakuelezwa uliongezeka zaidi sana, na ndicho pia kilichopoteza wafanyakazi wengi walioacha kazi. Mishahara iliporudishwa, wizi ukashuka. Pesa iliyokatwa ilikuwa kiasi kilekile katika viwanda vyote viwili. Kilichotofautiana ni heshima na maelezo.

Sisemi kwamba madereva wenu wanafyonza mafuta. Jambo linalonisumbua ni kwamba kampuni yenu haiwezi kujua. Kipimo ambacho hakikubadilika wakati Karuma imefungwa kinamhesabu mwaminifu na mwizi kwa namba moja, na mwaminifu akishakatwa mara kadhaa kwa kosa asilolifanya, kizuizi kilichokuwa ndani yake kinalegea. Kwa njia hiyo kampuni huzaa yenyewe hasara ambayo baadaye inanunua kamera ili kuitafuta.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la Marekani tu. Mwezi Januari 2022, madereva wa malori walisimama Malaba na Busia wakikataa agizo la serikali ya Uganda la kupimwa Korona mpakani kwa malipo ya takriban dola 30, ilhali wengi wao walikuwa wamekwisha kupimwa na kulipa upande wa pili. Foleni ikanyooka kwa kilomita nyingi ndani ya Kenya, na ndani ya Uganda petroli ikaadimika na bei yake ikapanda mno. Serikali ilipoyaondoa malipo hayo malori yakaanza kusogea. Hasira yao ilitokana na kutozwa mara mbili kwa jambo moja bila mtu kuwasikiliza, na kwa siku chache tu hilo lilitosha kuitikisa nchi nzima. Kampuni yenye malori 40 haina kinga kubwa kuliko ya nchi.

Kuna sehemu ya barua yako ambayo haihitaji utafiti wala busara, bali kutii sheria. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 haziruhusu mtu kuwekwa kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Mchango wa NSSF, asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi, ni wajibu wa kila mwajiri tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, bila kujali idadi ya wafanyakazi alio nao. Katiba ya 1995, katika ibara ya 40, inazungumzia malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Makato ya mshahara nayo yana masharti yake kisheria, wala hayakuachwa yafuate hasira ya mwajiri. Mkiongeza faini juu ya makato ambayo hayakusikilizwa, mtajikuta mbele ya afisa wa kazi, na huenda hata Mahakama ya Viwanda inayoamua migogoro ya kazi, mkitetea jambo lisiloteteka.

Unauliza uanzie wapi ukiwa huna mamlaka juu ya mishahara. Anzia kwenye zamu, kwa sababu hazigharimu hata shilingi moja. Zamu za Mombasa, za Juba na za Katuna ziandikwe kwenye ubao mkubwa yadini, kwa mzunguko ambao kila dereva anauona na kuuelewa, na yeyote anayerukwa aandikiwe sababu palepale: gari liko gereji, leseni imeisha, mteja ameomba dereva fulani kwa barua. Usianze kwa kumshutumu msimamizi wa yadi kuhusu jamaa zake, maana utaugeuza mpango huu kuwa ugomvi wa watu wawili, na madereva watasubiri kuona nani atashinda. Uwezo wa kupendelea unakaa katika simu ile ya usiku, na ubao ukishakuwapo simu hiyo haina kazi. Safari ya Juba itendewe kwa namna ya pekee, kwa sababu barabara ya kutoka Nimule, ng'ambo ya mpaka wa Elegu, imewaua madereva wengi wa Uganda na Kenya, na mwaka 2021 wenzao walikataa kuvuka Elegu mpaka wahakikishiwe usalama. Waombe wakurugenzi wampe dereva anayekwenda huko posho inayotambua hatari hiyo, naye aelezwe hali ya barabara kabla ya kuondoka, na asihesabiwe mkaidi akiuliza.

Baada ya hapo fuata kipimo cha mafuta. Waite madereva watatu au wanne wanaoaminika na wenzao, pamoja na fundi, mkipange kipimo kwa kila njia, mzigo na aina ya lori, na mkubaliane kwamba foleni ndefu au njia ya kuzunguka ikitokea, dereva ataitolea taarifa siku hiyohiyo na kipimo kitarekebishwa. Pasiwe na makato yoyote kabla ya dereva kusikilizwa na jibu lake kuandikwa. Na atakayethibitika kuwa anafyonza mafuta aadhibiwe, tena bila huruma ya uongo, kwa sababu dereva mwaminifu anaumizwa na mwizi anayeachwa kuliko mwajiri anavyoumizwa. Kutenda haki si kulegeza nidhamu, na tafadhali litamke hilo mbele ya wakurugenzi, maana ndilo wanaloliogopa.

Mafunzo ya kujiongoza yarejee wakati mambo hayo mawili yameanza kuonekana, tena yarejee kwa sura nyingine. Mlibandika malengo ya kampuni ukutani mkayaita malengo ya madereva. Safari hii kila dereva ajipangie mwenyewe ratiba ya safari yake ndani ya mipaka mnayokubaliana, achague pa kulala, awe na kiasi fulani cha fedha cha kutengeneza kasoro ndogo njiani bila kupiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kununua bolti, na baada ya safari ajipime mbele yako kwa ratiba aliyoiandika yeye. Hapo ndipo mtu hupata cha kukiongoza. Nakusihi pia uwe mkali kwa yeyote atakayelitumia neno hili kumwambia dereva aliyechoka kwamba akijiongoza vizuri atafika usiku huohuo. Usingizi barabarani haushindwi kwa mawazo mema, na barabara ya Kampala hadi Masaka imekwisha kuzika watu wengi mno.

Usiwaahidi wakurugenzi miujiza. Tafiti nyingi zinazohusisha kujiongoza, haki na matokeo ya kampuni huwauliza wafanyakazi wenyewe wajieleze kwa dodoso mara moja tu, na kwa hiyo zinaonyesha kwamba mambo haya huandamana bila kuthibitisha lipi limelizaa jingine. Uchunguzi wa Greenberg una nguvu zaidi kwa kuwa ulihesabu mali iliyopotea kabla, wakati na baada ya makato, tena katika viwanda vilivyolinganishwa. Nanyi mnaweza kuiga hilo kwa kiasi chenu. Anza na njia ya Mombasa peke yake, uache ile ya Katuna kama ilivyo kwa miezi michache, na katika zote mbili uandike muda wa safari, lita za mafuta kwa kilomita, mizigo iliyoharibika, siku za kuchelewesha makontena matupu na idadi ya madereva wanaoacha kazi. Kisha mweke mkurugenzi mbele ya hesabu za kampuni yake mwenyewe. Gharama mnazotozwa na kampuni za meli peke yake zinaweza kumshawishi kuliko hoja zangu zote.

Ombi moja lisingoje majaribio hayo, nalo ni la wale wanaolipwa kwa safari baada ya mwaka mzima. Liweke katika ukurasa wa kwanza wa mapendekezo yako, pamoja na majina yao, tarehe walizoanza kazi na kiasi cha michango ya NSSF wanachodai, ili mkutano usianze kujadili kamera kabla ya kulijibu. Mkurugenzi akikubali, mwombe ashuke yadini awaambie watu hao yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na akae mpaka maswali yao yaishe.

Wako,
Mshauri